Usinunue mzigo kabla farasi hajapimwa

Dada wa Lexington, umeandika kwamba unataka kuuza vifaa vya farasi katika tafrija za nyumbani, ambapo mwenyeji hualika wageni sebuleni kwake nawe ukawaonyesha na kuwauzia bidhaa, kwamba kampuni inayokuingiza inakutaka ununue mzigo wa kuanzia wa dola 3,800 kabla ya Jumamosi, na kwamba umeshampata wa kukukopesha. Usisaini. Maswali yako kuhusu jina la biashara, vinywaji vya wageni na zawadi ya mwenyeji yanaweza kusubiri, maana hayo hayajamfilisi mtu, lakini mzigo wa kuanzia ndio ulionifilisi mimi papa hapa Kentucky, na maneno uliyoambiwa ni yale yale niliyoambiwa mimi.

Walikwambia kwamba meza iliyojaa ndiyo inayouza, na kwamba mgeni akishika kitu mkononi hakiachi. Hayo ni kweli kwa vyombo vya jikoni. Brownie Wise, aliyeongoza uuzaji wa Tupperware majumbani tangu 1951, aliufanikisha mfumo huu kwa sababu bakuli lile lile linafaa katika kila nyumba. Tandiko halikai juu ya kila mgongo. Upana wa fremu yake hufuata umbo la farasi pale juu ya mabega, ilhali ukubwa wa kiti chake hufuata mpandaji, kwa hiyo tandiko moja linapaswa kuwafaa viumbe wawili kwa pamoja, na mmoja wao hayumo sebuleni unapouza. Lijamu, kile chuma cha kinywani, nayo hupimwa kwa upana wa kinywa cha farasi, na buti ndefu kwa mzingo na urefu wa mguu wa mpandaji.

Mzigo wangu mkubwa ulikuwa mablanketi ya farasi, yale ya kuzuia mvua na baridi, kwa sababu kiongozi wa kundi la wauzaji nililoingizwa aliniambia kwamba majira ya baridi yakikaribia yangeisha yenyewe. Mama mmoja alimnunulia farasi wake, aliyestaafu mbio, blanketi la inchi 78. Urefu ulikuwa sawa kabisa, lakini farasi wa mbio huwa na mabega yaliyoinuka na kifua chembamba, na blanketi lile lilikuwa limekatwa kwa farasi mpana. Baada ya wiki chache aliniletea likiwa limejaa manyoya na jasho, akanionyesha picha ya bega la farasi wake lililokwanguka nywele mpaka ngozi ya kijivu ikaonekana. Nilimrudishia fedha zake, kwa kuwa farasi wake ndiye aliyeumia. Blanketi lililokwisha kuvaliwa halirudi mezani, na kampuni haikulipokea. Wakaja wengine wenye malalamiko kama hayo, na yaliyobaki yakadoda katika gereji yangu hadi majira mengine, huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa.

Kofia za kupandia zilinisumbua kwa namna nyingine. Hapa Marekani kofia inayokubalika katika mashindano mengi hubeba alama ya ASTM F1163, kiwango cha usalama cha kofia za kupandia farasi, pamoja na ithibati ya SEI, taasisi inayothibitisha vifaa vya kinga, na kinachomlinda mpandaji ni povu gumu la ndani, ambalo hufinyangika mara moja ili kupokea kishindo. Katika tafrija, watoto huzijaribu na kuzipitisha mkono kwa mkono, na siku moja kofia ilianguka juu ya sakafu ya vigae, ikaviringika, ikaokotwa na kurudishwa mezani pasipo hata mkwaruzo. Sikuiuza tena. Hakuna jicho linaloweza kuona kama povu limeshafinyika, na mtoto wa mtu ndiye atakayeivaa.

Ninamkasirikia sana kiongozi yule, wala sifichi. Alijua kwamba yeye hulipwa kamisheni mimi ninaponunua mzigo, iwe ninauza au siuzi, na hakunieleza. Isitoshe, alinifundisha kuwaambia wageni kwamba mauzo yote ni ya mwisho, jambo ambalo ni kinyume cha kanuni ya serikali ya shirikisho ya Marekani. Mauzo ya dola 25 au zaidi yakifanyika nyumbani kwa mnunuzi, au ya dola 130 au zaidi penginepo ambapo si duka lako la kudumu, mnunuzi ana haki ya kuyafuta hadi saa sita ya usiku wa siku ya tatu ya kazi, na Jumamosi huhesabiwa. Unatakiwa umwambie haki hiyo kwa mdomo na umpe nakala mbili za fomu ya kufuta mauzo. Kwako wewe, unayetaka kuwauzia jamaa zetu kutoka Kongo, kuna sharti la ziada: stakabadhi iwe katika lugha uliyoitumia wakati wa kuuza. Ukiuza kwa Kiswahili, andaa karatasi za Kiswahili.

Sasa sikiliza ninavyofanya leo, na ninakusihi ufanye hivyo tangu mwanzo. Meza yangu ina sampuli moja ya kila kitu, nazo siziuzi. Vinavyouzwa papo hapo ni visivyohitaji kipimo: brashi, ndoano za kusafishia kwato, kamba za kuongozea na sabuni ya ngozi. Chochote kinachovaliwa na farasi au mpandaji huagizwa baada ya kupimwa, vipimo vikiwa vimeandikwa na mteja ametoa nusu ya bei. Kampuni isiyokubali kuuza kwa agizo, usishirikiane nayo hata ikikuahidi kamisheni kubwa kiasi gani.

Kabla ya Jumamosi, tafuta utepe laini wa kupimia, mrefu kuliko ule wa fundi cherehani unaoishia inchi 60, uende bandani unakofanya kazi. Mwenzako ashike mwanzo wake katikati ya kifua cha farasi, nawe uuvute ubavuni mpaka ukingoni mwa mkia. Pima farasi watano au sita wanaomilikiwa na watu unaokusudia kuwaalika, kisha chukua orodha ya mzigo waliyokutumia na uhesabu ni mablanketi mangapi kati ya hayo yangemfaa hata mmoja wao.