Paswadi inatokea kwenye anwani ukilogin

Umeuliza kwa nini mtu akilogin kwenye tovuti yako ya PHP paswadi yake inatokea juu kwenye anwani ya brauza: ni kwa sababu fomu yako ya kulogin haina method (njia ya kutuma data), ukiacha hivyo brauza inatumia GET yenyewe, ambayo inabandika data kwenye anwani, kwa hiyo weka method="post" itaondoka. Ila ndugu yangu kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kwenye kodi yako paswadi za watu zinakaa kwenye databesi kama zilivyo, hapana jamani, PHP ina password_hash ya kugeuza paswadi isisomeke mtu akijisajili na password_verify ya kuihakiki akilogin, md5 (njia ya zamani ya kugeuza hivyo) achana nayo kabisa inavunjwa haraka mno. Jina la mtumiaji usiliunganishe moja kwa moja na SQL (amri za databesi), tumia prepare na execute za PDO, ile sehemu ya PHP ya kuongea na databesi, ili lisisomwe kama amri. Alafu HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa kati ya brauza na seva) lazima, POST peke yake haifichi kitu njiani.