Imba kwanza: kwa mnaoanza trompa Hispania

Wahispania huliita trompa lile baragumu la shaba lililokunjwa mviringo, ambalo mkono wa kulia unaingia ndani ya mdomo wake mpana. Bomba lake la Fa likinyooshwa hufika karibu mita 3.7, na urefu huo ndio unaotutoa machozi. Huko juu noti zinasongamana kama abiria wa daladala jioni: midomo ikikosea kidogo tu, umetua kwa jirani. Vali, zile za kubonyezwa kwa vidole, zinabadilisha urefu wa bomba, ila noti inachaguliwa na midomo yako, nayo midomo inalifuata sikio.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Usaili wangu wa kwanza wa kuomba kiti cha okestra ulikuwa nyuma ya pazia, zulia sakafuni ili hata viatu visisikike. Muziki wa mtunzi Mozart, kama kawaida. Nilihesabu pumzi, nikapanga vidole, noti yenyewe sikuisikia kichwani hata kidogo. Ikapasuka. Upande wa pili nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

Kwa hiyo, imba kwanza. Mliolelewa kwenye kwaya mna akiba msiyoijua. Kule kwetu do huhama kufuata ufunguo. Hispania do haihami, na mwalimu wako atakusumbua kidogo kwa hilo. Msikilize, lakini usiitupe ile ya kwaya. Nakala nyingi za trompa za zamani zimeandikwa kana kwamba kila wimbo uko kwenye Do, wakati bomba lenyewe ni la Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu) au Re. Yaani ni do inayohama. Wenzako watatoka jasho na hesabu za kuhamisha ufunguo, wewe utakuwa unaimba.

Mkipata nafasi, shikeni trompa asilia, ile isiyo na vali. Joseph Leutgeb, aliyeandikiwa na Mozart konseto, yaani kazi za mpiga solo na okestra, hakuwa na kingine zaidi ya bomba tupu na mkono wa kulia wa kuziba na kuachia. Mtunzi Brahms naye, mwaka 1865, vali zikiwa zimeshazoeleka, aliandika trio yake, kazi ya wapigaji watatu, akiiwazia trompa hiyo. Javier Bonet, Mvalencia aliyesoma kwa Hermann Baumann huko Ujerumani, amejijengea jina kama mpiga solo wa trompa asilia, huku akiwa na kiti katika Orquesta Nacional de España, okestra ya taifa ya Hispania.

Hilo la kiti msilipite haraka. Mpiga trompa anayeishi kwa solo peke yake ni nadra sana. Wengi wana mshahara wa okestra au wanafundisha konsevatori, yaani chuo cha muziki, na solo zinakuja juu ya hapo. Msidharau bendi za miji pia. Jimbo la Valencia limejaa bendi hizo, na wapulizaji wengi wa Hispania wametokea huko. Kwenye pasodoble, muziki wa Kihispania wa kutembea nao, wenye klarineti wanabeba wimbo, sisi tunapewa pigo dogo la katikati: mguu chini, puliza, mguu chini, puliza, mtaa mzima, juani. Nilichukia. Baadaye nikagundua midomo yangu haichoki tena mapema.

Na maji. Pumzi hugeuka matone ndani ya bomba, sauti ikaanza kukoroma. Zungusha trompa uyamwage mapema, ukiwa bado na mapumziko marefu, si mapigo machache kabla ya solo yako.