Kwa wanaoanza kushughulikia kesi za mateso

Ukiingia kwenye kazi hii utatamani kujua mapema kama alichofanyiwa mtu kinafikia kiwango cha mateso. Nakushauri uliweke kando swali hilo kwa muda. Katazo lenyewe halina ubishi: Kifungu cha 5 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948, Kifungu cha 7 cha Agano la Haki za Kiraia na Kisiasa na Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984 vyote vinakataza mateso, na pia vinakataza ukatili na udhalilishaji usiofikia hapo. Kinachogombaniwa ni mpaka kati ya hayo mawili, na mpaka huo umewagawa hata majaji.

Chukua kesi ya Ireland dhidi ya Uingereza. Mwaka 1971, huko Ireland Kaskazini, washukiwa walisimamishwa wakiegemea ukuta kwa saa nyingi, wakafunikwa vichwa, wakapigiwa kelele mfululizo, wakanyimwa usingizi, chakula na maji. Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema haya ni mateso. Mahakama ya Ulaya, mwaka 1978, ikasema ni unyama na udhalilishaji, ila si mateso. Kisha mwaka 1999, katika kesi ya Selmouni dhidi ya Ufaransa, mahakama hiyohiyo ikakubali kwamba vitendo vilivyohesabiwa zamani kuwa unyama vinaweza kuhesabiwa mateso baadaye, maana viwango vinapanda. Faili lililoandikwa "aliteswa vibaya sana" halikusaidii katika mabishano ya namna hiyo. Linalosaidia ni lile linaloonyesha alisimama kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na alipoanguka nani alimwinua.

Kwa hiyo usimuulize mtu kama aliteswa. Wengi watakujibu hapana, kwa sababu wamezoea kuona kipigo kituoni ni jambo la kawaida, na hilo jina wameliachia mambo ya kutisha zaidi. Muulize aliingizwa mlango gani, chumba kilikuwa na dirisha au la, nani alishika funguo, alipelekwa chooni lini. Muulize walikuwa wanasema nini wakati wanampiga. Hapo ndipo dhahabu ilipo, na ndipo wageni wengi wanapopita mbio.

Ukisoma Kifungu cha 1 cha Mkataba utaona kinataka mambo manne: maumivu makali ya mwili au ya akili, nia, lengo, na mkono wa mtumishi wa umma, hata kama mkono huo ulikuwa ni kuridhia au kufumba macho tu. Kila mtu anakimbilia maumivu. Mimi naanza na lengo na mkono wa dola, kwa kuwa ndivyo vinavyosahaulika haraka kwenye kumbukumbu ya shahidi. Kama kipigo kilikoma dakika ile alipotia sahihi karatasi, umeshaliona lengo bila mtu kukueleza. Andika karatasi ilikuwa ya namna gani na kama alisomewa.

Karatasi hiyo ina umuhimu wa pili. Kifungu cha 15 kinazuia maelezo yaliyopatikana kwa mateso yasitumike kama ushahidi katika shauri lolote, isipokuwa dhidi ya anayetuhumiwa kutesa. Kwa mtazamo wangu, kwa mahabusu ambaye kesi yake inaendelea, kifungu hiki kina faida ya haraka kuliko vyote. Wanasheria wachanga hukiacha nyuma wakikimbilia fidia.

Kuhusu makovu, usijifanye daktari. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza na kuandika ushahidi wa mateso, iliyokamilika 1999 na kufanyiwa marekebisho 2022, inampa mtaalamu ngazi za kueleza jeraha linalingana kiasi gani na simulizi, kuanzia lisilolingana hadi lile lisiloweza kuelezwa kwa njia nyingine. Kazi yako ni kumfikisha mtu kwa daktari mapema. Aliyechapwa nyayo anaweza kuvimba miguu siku za mwanzo, na baada ya muda ngozi isionyeshe kitu huku akiendelea kuumia kila akitembea. Ngozi safi haimaanishi hakuguswa. Tafuta pia ushahidi wa hali yake kabla ya kukamatwa: picha, mfanyakazi mwenzake, yeyote aliyemwona mzima. Mtu akiingia mahabusu mzima akatoka na majeraha, ni dola inayotakiwa kueleza yametokea wapi.

Mtu atakuletea tu lile swali la bomu linalokaribia kulipuka: je, si halali kumtesa anayejua lilipo ili kuokoa watu? Jibu la sheria ni fupi: Kifungu cha 2 cha Mkataba hakikubali vita, hali ya hatari wala amri ya mkubwa kuwa kisingizio. Lakini jifunze pia kesi ya Gäfgen dhidi ya Ujerumani, kwa sababu ni ngumu kweli. Polisi walimtishia mtekaji maumivu ili aseme mtoto yuko wapi, wakitumaini kumwokoa. Mtoto alikuwa ameshauawa. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ilisema kitisho chenyewe, bila kumgusa, kilivunja katazo. Usimdharau anayeona hukumu hiyo ni chungu.

Halafu kuna subira. Hissène Habré, rais ambaye utawala wake ulitesa watu, aliondolewa madarakani Chad mwaka 1990 akakimbilia Senegal. Mwaka 2001 nyaraka za polisi wake wa siri zilikutwa zimetupwa katika jengo lao la zamani mjini N'Djamena. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Senegal imshtaki au imkabidhi kwa nchi itakayomshtaki, na Mei 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha mjini Dakar. Mashahidi waliwasubiri mawakili, na mawakili wakaisubiri mahakama. Maelezo unayochukua leo huenda yakasomwa na mtu ambaye hujawahi kukutana naye.

Kwa hiyo weka tarehe kila ukurasa, tenganisha alichosema yeye na unachodhani wewe, na jina lake liwe kwenye daftari jingine, si kwenye maelezo. Kabla hajaanza kuongea mweleze nani atasoma na kwamba anaweza kukataa. Akikataa, funga kalamu.