Kifaduro: sindano ya mimba, arobaini na siku ya 42

Sindano ambayo mjamzito wa Mtwara au Lindi huchomwa kliniki kwa kawaida ni Td, ya pepopunda na dondakoo. Kifaduro hakimo. Wengi huhesabu kwamba mtoto keshakingwa na vyote, kumbe bado.

Yenye kifaduro ndani yake huitwa Tdap. Marekani huichoma kwa kila mimba tangu 2012, wiki ya 27 hadi ya 36, kwa sababu kinga ya mama hupungua upesi. Mwili huchukua kama wiki mbili kuitengeneza, ndipo ipite kwenye kondo la nyuma. Ukichomwa siku chache kabla ya uchungu, mtoto huambulia kidogo. Kama unaweza kuipata, mwonyeshe muuguzi kadi aone Td zako zilichomwa lini.

Usipoipata, hesabu siku. Penta, chanjo ya mtoto ya magonjwa matano kikiwemo kifaduro, ya kwanza huchomwa wiki sita zikitimia, yaani siku ya 42. Arobaini huiwahi kwa siku mbili! Nyumba imejaa, kila shangazi anataka kupakata, na mtoto hana hata dozi moja. Mama aoge arobaini yake kama kawaida. Karamu ndiyo isogezwe. Bibi au kaka wa shule mwenye kifaduro huonekana ana kikohozi tu kisichokatika, basi asimpakate.

Mtoto wa tarehe 3 Novemba huchomwa 15 Desemba, 12 Januari na 9 Februari. Ya kwanza hukuta watu wako kwenye korosho, kadi imebaki nyumbani. Nenda nayo shambani, mtoto achomwe kwenye zahanati iliyo karibu. Ukichelewa, endelea ulipoishia. Hakuna kuanza upya. Ukirudishwa ati watoto hawajatosha kufungua chupa, uliza kwa upole. Chupa ya BCG (chanjo ya kifua kikuu) au ya surua haitumiki zaidi ya muda wa saa sita tangu ifunguliwe, ndiyo maana husubiriwa watoto. Ya penta hutumika hadi siku 28 ikitunzwa vizuri kwenye baridi.

Kichanga mara nyingi hatoi ule mlio wa kuvuta pumzi unaojulikana. Hukohoa mfululizo, hutapika, midomo hugeuka rangi, au huacha kupumua kwa muda bila hata kukohoa. Homa inaweza isiwepo. Asali na dawa za kikohozi za chupa asipewe kabisa. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na umtaje kila anayekohoa nyumbani, maana nao huenda wakahitaji dawa.