Laki moja sina, na kura yako pia sina

Ndugu yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa chooni, maana humu chumbani tumo watu sita na faragha ndiyo hiyo. Umesema unagombea uwakilishi wadi 2027. Umeomba laki moja ya kampeni, umesema kwa mtu wa Qatar ni hela ya chai. Umesema serikali imetukumbuka, siku hizi tunapiga kura hukuhuku kama mabwana. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, eti ukianguka nikutafutie viza.

Mshahara, joto na deni la ajenti nilishakwambia, sirudii. Hilo la kura ndilo lililonichoma.

Ni kweli, tarehe 9 Agosti 2022 nilipiga kura ubalozini hapa Doha. Ndiyo mara ya kwanza Wakenya wa Qatar kupata kituo, na ile picha ya kidole chenye wino mliizungusha ukoo mzima. Picha haikuonyesha kwamba pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mwajiri, nikaiomba siku nne kama mtoto anayelilia hela ya maandazi. Msimamizi akaniuliza, "Unataka kutoroka?" Mbele ya watu. Na baada ya hayo yote nikapewa karatasi moja tu, ya rais. Gavana hakuna, mbunge hakuna, mwakilishi wadi hakuna. Sasa wewe unamwomba laki moja mtu ambaye hata akikupenda vipi hawezi kukupigia kura!

Na mimi nina afadhali. Kitanda cha chini yangu analala Mnepali mmoja, mlinzi mwenzangu, tunamwita Dai, kwao ndiyo kaka mkubwa. Ametoka wilaya ya Chitwan, yuko Ghuba mwaka wa 14. Pesa wanazotuma watu kama yeye ni karibu robo ya pato zima la Nepal, na Mahakama yao ya Juu iliiagiza serikali tangu 2018 ifanye mpango walio nje wapige kura. Mpaka leo Dai hajaliona debe. Kura yake ni simu.

Nilianza kuzisikia simu hizo Mei 2022, walipokuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, zote 753 kwa siku moja. Kwao unagonga muhuri wa swastika, alama takatifu ya Wahindu, juu ya alama ya chama. Babake Dai ni mtu wa mti, alama ya Nepali Congress, tangu ujana wake. Mwaka ule Congress walikuwa wameungana na Wamao, chama cha kikomunisti, wakawaambia watu wao mjini Bharatpur, huko Chitwan, wagonge nyundo na mundu, alama ya Wamao, kwenye umeya, kwa Renu Dahal, binti wa Prachanda mwenyewe, kiongozi wa Wamao. Mzee alikasirika hata chai hakunywa. Kumbe mambo ya muungano na binti wa mkubwa si ya kwetu pekee. Renu akashinda. Lakini mwezi huohuo Kathmandu, mji mkuu wao, ikamchagua kuwa meya Balen Shah, injinia anayeimba rap, mgombea huru mwenye alama ya mkongojo, akiviacha vyama vikubwa vimeduwaa. Wanepali wa kambini siku hiyo walicheka kama watu waliolipwa malimbikizo.

Basi ulipofika uchaguzi wa bunge, Dai akawa kamanda. Kila usiku: "Ghanti! Ghanti!" Ghanti ni kengele, alama ya chama kipya cha Rabi Lamichhane, mtangazaji wa televisheni aliyesimama palepale Chitwan. Mke kengele, mama kengele, shemeji kengele. Akasema bila haya, asiyegonga kengele asimtajie ada ya shule. Nilimwona kama mnyanyasaji. Halafu nikakumbuka nami Agosti ile nilivyompigia mama nikimwamuru achague nani kwenye wadi, na alivyonijibu "sawa mwanangu" haraka mno.

Uchaguzi wao uliangukia tarehe 20 Novemba 2022, siku ileile Kombe la Dunia lilipofunguliwa hapa. Jioni tulikuwa na zamu ya kupanga mashabiki. Mchana, saa nane na nusu, vituo vya Nepal vikiwa vimefungwa (wametutangulia saa mbili na dakika 45), Dai akapiga simu ya video akiwa ameshavaa sare, bado miguu mitupu. Mzee akainua kidole chenye wino karibu kabisa na kamera, kikajaa kioo chote.

"Kengele?" Dai akauliza.

Kwa ubunge walikuwa na karatasi mbili, ya mgombea na ya orodha ya chama. Mzee akakohoa, akajibu, Dai akakata simu akakaa kitandani anakivuta kiatu bila kukifungua kamba. Baadaye alinitafsiria: "Karatasi moja mti, moja kengele. Mwezi huu umetuma nusu, nami nimekupigia nusu."

Nilicheka mpaka nikaona hacheki.

Lamichhane alishinda kwa kishindo, na chama chake cha miezi michache kikapata viti 20. Akawa naibu waziri mkuu, waziri wa mambo ya ndani. Mwezi mmoja tu! Januari 2023 mahakama ikamvua ubunge: aliwahi kuwa raia wa Marekani, akaurudisha uraia ule, lakini hakukamilisha karatasi za kuurejesha wa Nepal. Akazipata, akarudia uchaguzi Aprili, akashinda tena. Dai alisema, "Ona, hata waziri aliyeishi nje, karatasi."

Septemba 2025 serikali yao ilifunga mitandao 26 ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Kwako wewe hiyo ni siasa. Humu chumbani ilikuwa mtu kushindwa kuuona uso wa mwanawe. Siku nne baadaye vijana wakaingia barabarani, 19 wakauawa siku ya kwanza, waziri mkuu Oli akajiuzulu kesho yake. Wewe uliyenusa vitoa machozi kwenye maandamano ya kwetu Juni 2024 huhitaji kuelezwa. Sushila Karki akawa waziri mkuu wa mpito, na uchaguzi ukapangwa 5 Machi 2026. Dai akapiga hesabu ya tiketi. Likizo yake ilikuwa inaiva Juni.

Kwa hiyo sikiliza. Usije. Kama una shamba la nazi na mama yuko hai, usije kukalia kiti cha plastiki mlangoni mwa jengo la watu kwa saa 12. Lakini ukianguka na madeni yakakushika shingo, njoo, nitakupokea, godoro tutagawana. Ila usimlipe ajenti kabla sijaiona karatasi ya mkataba. Na usiuze shamba kwa ajili ya kampeni. Wala usikope kwa jina langu, najua umeshafikiria. Gombea, ndugu yangu, una mdomo mtamu na watu wanakupenda. Lakini laki moja sina. Nitatuma elfu kumi mwisho wa mwezi, na mama mdogo asijue, maana kwake mwezi huu nimetuma nusu.

Dai amesikia nakurekodia hapa, ameuliza alama yako ni ipi. Nimemwambia hata chama hujapata.