Kwa Nini Wapeleke Protini Badala ya Jeni?

SWALI: Nimesoma kwamba baadhi ya watafiti wa uzee huingiza protini zilizokamilika ndani ya seli, ilhali wangeweza kupandikiza jeni inayozitengeneza. Kwa nini wajisumbue hivyo? Na je, vinywaji vya protini vinavyodaiwa kurudisha ujana vina ukweli wowote?

JIBU: Sababu kubwa ni muda. Jeni iliyopandikizwa inaweza kujichomeka katika DNA ya seli na kuendelea kufanya kazi hata baada ya mtafiti kutaka ikome, lakini protini huvunjwa na seli yenyewe baada ya saa au siku chache, hivyo kipimo na muda wake hudhibitiwa kwa urahisi zaidi. Katika utafiti wa uzee jambo hili ni zito. Mwaka 2006 watafiti wa Japani, Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi, walionyesha kwamba jeni 4 zinatosha kuirudisha seli ya panya iliyokomaa katika hali inayofanana na ya kiinitete. Mojawapo, c-Myc, inahusishwa na saratani. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Salk, Marekani, waliwasha jeni hizo kwa siku 2 tu kila wiki katika panya wenye maradhi ya kuzeeka mapema, na panya hao wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Jeni hizo zikiachwa zikifanya kazi mfululizo, seli husahau kazi yake na uvimbe huweza kuota.

Ugumu uko mlangoni. Utando wa seli ni wa mafuta, na protini nyingi ni kubwa mno kuupenya. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba protini ya virusi vya UKIMWI iitwayo Tat huingia ndani ya seli bila kusaidiwa, kwa sababu ya kipande kifupi chenye asidi amino (viungo vidogo vinavyojenga protini) ya ajinini kwa wingi, ambacho chaji yake chanya huvutwa na chaji hasi iliyo juu ya utando. Tangu hapo vipande vya aina hiyo vimeunganishwa na protini nyingine, na mwaka 2009 vikundi viwili vilitumia protini zilizobeba mkia wa ajinini kuyarudia matokeo ya Yamanaka bila kupandikiza jeni, ingawa ni seli chache sana zilizobadilika. Kwa maoni yangu, tatizo linalostahili kushughulikiwa kwanza ni hili: protini nyingi hunaswa ndani ya vifuko vidogo ambavyo seli huzimezea, na humo huharibiwa kabla ya kufika zinakotakiwa.

Kuhusu vinywaji, protini unayoimeza humeng'enywa tumboni na katika utumbo mwembamba hadi kuwa asidi amino na vipande vidogo vyake. Hiyo ni lishe ya kawaida. Haina uhusiano na majaribio haya.