Kijana Akikuuliza Kuhusu Galileo, Usimkwepe

Kazini nafundisha fizikia, parokiani nawafundisha vijana wa kipaimara, na swali ni lile lile kote: "Mwalimu, si Kanisa lilimhukumu Galileo kwa kusema dunia inazunguka jua?"

Mzazi au katekista mwenzangu, anza kwa kukubali. Tarehe 22 Juni 1633, huko Roma, Galileo, mwanasayansi wa Italia, mzee wa miaka 69, alipigishwa magoti akayakana yale aliyoyaandika. Akazuiliwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, hadi kifo chake mwaka 1642. Ukianza kwa kutetea, vijana wanakugundua mara moja, na hawatakusikiliza tena.

Ukishakubali, endelea na habari yote. Copernicus, aliyelitanguliza wazo hilo, alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la Frombork, na kitabu chake cha 1543 alikiandika kwa heshima ya Papa Paulo III. Marufuku dhidi ya wazo hilo ilikuja 1616. Na kalenda iliyoko ukutani kwako? Kanisa lilitaka tarehe sahihi ya Pasaka, lakini ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana ilikuwa imeteleza kwa siku 10. Mjesuiti Clavius akawa miongoni mwa waliopiga hesabu. Mimi huandika ubaoni: Alhamisi 4 Oktoba 1582, kesho yake Ijumaa 15 Oktoba, siku 10 zikarukwa. Darasa zima huchangamka! Mwaka 1611 Wajesuiti hao hao wa Roma walitazama kwa darubini wakathibitisha kwamba Galileo ameona kweli miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupiter).

Basi ugomvi ulitoka wapi? Waprotestanti walikuwa wamejitenga, Roma ikawa kali kuhusu nani ana haki ya kufasiri Maandiko, na Galileo, mlei tu, anaeleza jua la Yoshua katika Biblia lilivyosimama. Kisha Papa Urbano VIII, aliyekuwa rafiki yake, akaikuta hoja yake mwenyewe kinywani mwa Simplicio, mhusika anayeshindwa kila mara katika kitabu cha Galileo cha 1632. Ushahidi nao ulikuwa na pengo. Dunia ikizunguka, nyota za karibu zionekane zikihama kidogo, na mhamo huo ulikuja kupimwa na mwanaastronomia Bessel mwaka 1838. Hoja ambayo Galileo aliitegemea sana, ya maji kupwa na kujaa, haikuwa sahihi.

Usiyageuze haya kuwa udhuru. Mtu akikosa ushahidi kamili, anajibiwa kwa hoja; kumtishia mateso ni dhuluma, na mimi huwaambia vijana hivyo hivyo, mbele ya padre.

Halafu wape barua ya 1615 ya Kardinali Bellarmino, mwanateolojia wa Roma. Anasema uthibitisho wa kweli ukipatikana, itabidi Maandiko yaelezwe kwa uangalifu mkubwa, na afadhali tuseme hatuyaelewi kuliko kusema kilichothibitishwa ni uongo. Waulize: kama alijua hivyo, mwaka uliofuata kwa nini walipiga marufuku? Waache wabishane. Wangu hubishana hata kengele ikishalia.